Fundi na Mmarekani Wake

"Mwalimu, nikisema nina gari, na kwetu hakuna hata mtu mmoja ameliona, nina gari au sina?"

Swali hilo Fundi aliniuliza siku ya kwanza tulipozungumza, akiwa amelala chali chini ya gari lenyewe, viatu vyake tu ndivyo vinavyoonekana. Sikuwa mwalimu, nilikuwa msichana tu. Nilikuwa nimerudi nyumbani Ruiru kwa likizo yangu ya kwanza kutoka chuo kikuu kule Kampala, kichwa kimejaa mantiki, na nilidhani kila swali lina jibu lake kwenye rafu fulani ya maktaba. Viatu viliningoja kidogo, halafu spana ikaanza kugonga tena.

"Si kitu," akasema kutoka chini. "Hata mimi sijui. Nipe hiyo plaisi."

Namwita Fundi kwa sababu hakuna aliyemwita jina jingine, kuanzia daraja la Ruiru mpaka viwanda vya Thika. Alikuwa Mmaragoli, mtu wa magharibi kabisa, mpana wa mabega na mwepesi wa miguu. Kibanda chake cha mabati kilikuwa nyuma ya reli, mbele yake kukiwa na mama mmoja wa kuuza uji ambaye kazi yake ya pili ilikuwa kumcheka Fundi. Na ndani ya kibanda, likijaza kila nafasi hata Fundi mwenyewe akalazimika kutembea upandeupande kama kaa, lilikaa gari lililoitwa Mmarekani.

Lilikuwa Shevrole ya kabla ya vita. Nyakati hizo, miaka ile ya hamsini, Ruiru ilikuwa na malori ya kahawa na vigari vya Kiingereza vya Wazungu wa mashamba, vidogo, vimekunja uso kama watu wanaoumwa na tumbo. Mmarekani alikuwa na uso wa mtu aliyeshiba. Madigadi zake zilivimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Kiti cha nyuma ungeweza kunyoosha miguu mpaka mwisho na bado usimguse mtu wa mbele. Mwili ulikuwa wa kijani, boneti nyeusi, kwa sababu boneti ilitoka kwa Shevrole ndugu yake iliyofia mtaroni upande wa Juja. Viti vilishonwa kwa magunia ya kahawa. Taa moja ya nyuma ilikuwa ya kiwandani. Ya pili ilikuwa kitako cha chupa ya dawa, chekundu, kimekatwa kwa uzi wa moto na kusuguliwa kwa msasa mpaka kikakaa vizuri kuliko ile ya kiwandani.

Baba yangu, karani kwenye kinu cha kahawa na mtu asiyependa kelele, alisema, "Huyo si fundi wa magari. Huyo ni daktari wa maiti."

Mimi nilienda kumchunguza maiti huyo karibu kila siku ya likizo. Nilipenda kuuliza, na Fundi alipenda kuulizwa. Tatizo ni kwamba majibu yake hayakukaa mahali pamoja.

Kwa mfano, alilipata wapi gari? Kwangu alisema lilikuwa la waziri wa Amerika aliyekuja kuwinda simba. Kwa Baba alisema lilikuwa la askofu. Askari wa kizuizi pale darajani aliambiwa limetoka Mombasa ndani ya sanduku, na yeye Fundi ndiye aliyelifungua misumari. Niliposikia la tatu nilienda hadi kwenye shamba la kahawa ambako watu walisema lilitoka, nikamtafuta mpishi wa zamani, nikamwuliza. Mpishi alicheka mpaka akashika ukuta. Gari lilikuwa bandani mwa kuku. Kuku walilitagia kiti cha nyuma miaka minne. Fundi aliwahi kuifanya pampu ya maji ya shamba lile ipige kazi kiangazi kizima bila kusimama, na mwenye shamba, kwa kufurahi, akamwambia achukue lile takataka aondoke nalo.

Nikarudi mbio kibandani, nimeshika ukweli mkononi kama mtu aliyekamata mwizi.

"Fundi! Ni banda la kuku!"

Hakushtuka. Alifuta mikono polepole, akaniangalia kwa huruma.

"Na hao kuku, Mwalimu, uliuliza walikuwa wa nani?"

Mama wa uji alimwaga kikombe kizima kwa kucheka.

Lakini hapo ndipo niliposhindwa kumwelewa. Mtu huyu aliyedanganya kuhusu gari lake kila alipopumua, hakudanganya mahali pengine popote. Siku moja Mzungu alikokota gari kutoka Thika, amekasirika, anataka injini ifunguliwe yote. Fundi alichungulia mara moja akasema, "Bwana, hapa hakuna ugonjwa. Petroli imeisha." Fundi mwingine angemla pesa wiki nzima. Hakunywa pombe. Hakutukana hata nyundo ilipomwangukia kidole. Alisema tu, "Mirembe," salamu ya kwao ya amani, kama anayemsalimia maumivu. Jumapili hakugusa spana. Alikwenda ibada, akarudi, akaingia ndani ya Mmarekani na Biblia, akapandisha vioo, akasoma humo mpaka jioni na suti yake. Nilimwuliza sababu.

"Kiti ni kizuri. Na hakuna mtu wa kuniuliza maswali."

Mmarekani alizungumzishwa Kiingereza tu. Fundi alisema hasikii Kiswahili. Alimbembeleza asubuhi za baridi, mkono kwenye hendeli ya kuwashia, kwa Kiingereza cha puani ambacho sikuwahi kukisikia kwa mhadhiri yeyote, na nilipomdadisi alisema alifundishwa na askari weusi wa Kimarekani vitani Burma, wakati yeye akiwa dereva wa lori la jeshi. Watu weusi kama mimi na wewe, alisema, wenye matingatinga yao, wanakata barabara mlimani, na jioni wanafungua injini huku wakiimba. Wao ndio waliompa kiu ya magari ya kwao. Mmoja alimwambia kwamba injini ya Shevrole ni kama shangazi mnene: analalamika sana lakini hafi.

Nilicheka. Wamarekani weusi, Burma, na matingatinga! Niliporudi Kampala nikaingia maktaba kwa ajili ya kumwaibisha tu. Nilitafuta siku tatu. Ilikuwa kweli tupu. Nilikaa pale mezani nimekasirika, kwa sababu sasa sikujua ni kipi kingine alichosema kilikuwa kweli. Labda hata kuku.

Alikuwa na kijiti cha mti wa kahawa, kirefu kama mkono, kilichong'aa kwa kushikwa. Aliweka ncha moja kwenye injini inayounguruma na nyingine sikioni, akafumba macho. Watu walisimama barabarani kumtazama. Mimi niliamini ni maigizo ya kuvuta wateja. Basi siku moja alipokwenda kuchota maji nilifungua waya mmoja wa plagi, nikaulegeza kidogo tu, usionekane, nikafunga boneti na kukaa mbali na kitabu changu. Alirudi, akawasha, akaweka kijiti. Hakukaa hata nusu dakika.

"Ya nne imelegea," akasema. Halafu bila kufumbua macho: "Na kitabu chako, Mwalimu, kinapata grisi."

Nikatazama vidole vyangu.

Hakukasirika. Siku hiyo ndiyo aliyonipa somo ambalo bado nalitumia kuliko yote niliyoandika daftarini chuoni. Alisema, "Hii gari usiiulize maswali mawili mara moja. Ukibadilisha plagi, usiguse kabureta. Uliza moja, nyamaza, sikiliza. Wewe shida yako unauliza sita na hungoji hata moja." Mhadhiri wangu wa mantiki alihitaji muhula mzima kusema jambo hilohilo, tena bila injini.

Sasa niseme alichokuwa anakitaka, maana hakuwahi kukificha.

Kwao Maragoli, juu ya kilima, alikuwa na mama mzee. Kila mwaka alipokwenda likizo kwa treni aliwasimulia watu kuhusu gari lake. Mwaka wa kwanza walimsikiliza. Wa pili walitazamana. Wa tatu akaenda na picha: yeye amesimama kando ya Mmarekani, mkono juu ya madigadi. Picha ilipita mikononi mwa ukoo wote, na mjomba mmoja akairudisha akisema ni gari la Mzungu na amesimama karibu nalo kama mtu anavyosimama karibu na mti. Wote wakacheka. Mama yake hakucheka. Alisema, "Nitakaa ndani yake nikiliona." Basi. Na macho yake na miguu yake havikuwa vya kungoja sana.

Kumpeleka Mmarekani huko kulihitaji kitu kimoja: cheti cha mkaguzi wa magari, Thika, cha kubandika kwenye kioo cha mbele. Bila hicho hangeruhusiwa barabara kuu, ila tu kwenda kukaguliwa. Mkaguzi alikwisha kumkataa mara mbili. Mara ya kwanza breki, mara ya pili taa. Mara ya tatu, alisema, akimkataa atang'oa namba na gari liende kukatwa vyuma.

Alingoja karibu mwaka mzima kabla ya kujaribu mara hiyo ya tatu, akitengeneza kila kitu upya, na siku aliyoichagua ilikuwa mwisho wa likizo yangu nyingine, miaka kadhaa baada ya ile ya kwanza. Nilimwambia nitakwenda naye.

"Kwa nini?"

"Nataka kuona kama atalikataa kwa haki."

"Aaa. Basi panda. Lakini leo usiniulize kitu."

Tuliondoka asubuhi. Mama wa uji alipiga kigelegele cha dhihaka, halafu, nadhani bila kukusudia, akaendelea nacho kikawa cha kweli. Kwenye kizuizi darajani askari walinitaka kipande changu cha kitambulisho kwa sababu mimi ni Mkikuyu na ilikuwa Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau. Fundi hawakumtaka kitu, walitaka tu awaonyeshe kitako cha chupa kikiwaka. Kiliwaka. Tukapita. Na barabara ilipofunguka mbele yetu, vumbi jekundu, mkonge pande zote kwa safu zisizo na mwisho, Mmarekani akaanza kuimba. Sina neno jingine. Sakafu ilitetemeka chini ya miguu yangu, upepo ukanivuruga kitambaa cha kichwa, na mimi niliyekuja kama shahidi nikajikuta napiga mlango kwa kiganja na kupiga kelele, "Ongeza! Fundi, ongeza!"

Karibu na Juja injini ikaanza kugonga.

Kwanza taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Kisha kama mwenye nyumba. Fundi alizima papo hapo, akaliacha liserereke hadi pembeni. Hakutoa kijiti. Hakukihitaji.

"Beringi ya pistoni ya sita," akasema. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Imeyeyuka."

Nilijua maana yake. Nilikuwa nimekaa kibandani kwa likizo nyingi. Ile beringi ni madini laini yanayokaa kati ya mkono wa pistoni na mhimili unaozunguka. Yakiyeyuka, chuma hupiga chuma. Ukiendelea, unavunja kila kitu. Beringi nyingine ilikuwa Nairobi, kama ilikuwepo. Mkaguzi alifunga saa kumi, na asiyefika siku aliyojiandikisha alihesabiwa amekataliwa.

Fundi alikaa kwenye ubao wa kupandia. Nami sikumwuliza. Nilihesabu safu za mkonge.

Kisha akasimama ghafla na kuanza kufungua mkanda wa suruali.

"Fundi!"

"Geuka basi kama unaona haya! Hii ni ngozi ya kiwanda cha Thika, ng'ombe mzima. Burma tulifanya hivi."

Alilala chini ya gari. Alifungua bolti zote za sahani ya oili, na oili tuliikinga kwenye debe. Ilikuwa na unga wa madini unaong'aa, kwa hiyo nilivua kitambaa changu cha kichwa, kile kizuri, tukaichujia humo. Alikata mkanda kwa wembe kwa kipimo cha kidole, akauloweka, akauzungusha palepale madini yalipokuwa, akafunga kofia ya mkono wa pistoni, akazungusha hendeli kidogo, akafungua, akapunguza ngozi unene wa ukucha, akafunga tena. Mara nane. Nilihesabu. Mimi nilikuwa nashika, napokea, napangusa, na moyo wangu ulikuwa unakwenda kasi kuliko injini yoyote. Tukarudisha sahani na oili yake. Akavuta hendeli.

Mmarekani akaunguruma. Hakuna kugonga.

"Orio!" akapiga kelele, ndiyo asante ya kwao, akaruka juu, na suruali ikabaki chini.

Hapo ndipo alipofanya kosa. Kwa haraka alikata jani bichi la mkonge, akalichana kwa wembe, akajifunga kiunoni kama mkanda. Mtu yeyote aliyekulia Juja angemwambia kwamba maji ya mkonge mbichi yanawasha kuliko upupu. Mimi wa Ruiru, wa kahawa, na yeye wa Maragoli, wa mahindi, hatukujua. Tulijua tulipofika Thika.

Mkaguzi alikuwa Mzungu mwembamba mwenye Kiswahili cha mashambani. Alizunguka gari mara mbili.

"Hii gari nakufa zamani," akasema.

"Iko mzima, bwana," akajibu Fundi, akijikuna ubavu.

"Washa taa. Piga breki. Toa mkono." Fundi alitoa mkono dirishani kuonyesha kulia, na mkono ukatetemeka wote. Machozi yalimtoka. Alijikunyata kitini kama aliyekalia siafu. Mkaguzi aliinama dirishani akamtazama muda mrefu.

"Kwa nini wewe naogopa sana?"

Nilitaka kueleza yote, mkonge, mkanda, mama, kilima. Sentensi sita zilikuwa zimejipanga mdomoni. Nikazimeza.

"Siogopi, bwana," akasema Fundi kwa sauti nyembamba. "Naipenda sana."

Mkaguzi akafungua boneti. Injini ilikuwa inazunguka polepole, laini, ngozi ya ng'ombe wa Thika ikifanya kazi yake gizani. Akasikiliza. Akafunga boneti kwa viganja viwili, si kwa kuibamiza, na nilipoona anavyoifunga nilijua. Akalowesha cheti kwa sifongo na kukibandika kwenye kioo mwenyewe.

Fundi alishuka, akapeana naye mkono, akatembea kwa heshima hadi nyuma ya jengo, halafu nikasikia maji ya bomba na vilio. Aliporudi alikuwa amejifunga kwa kamba ya kawaida na alikuwa anacheka kama kichaa. Tulikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ile hoteli ya zamani pale maporomoko ya Chania, ambako mimi na yeye tusingekaribishwa hata kwa maji, na akazungusha Mmarekani mbele ya baraza mara tatu, polepole, mkono nje, cheti kikimeta. Wazungu waliacha vikombe vyao wakasimama kutazama. Mmoja alivua kofia. Sijui alimvulia nani.

"Sasa uliza," Fundi akaniambia tukirudi. "Uliza yote."

Sikuwa na swali hata moja. Nilikuwa nimepoteza kitambaa, nywele zimejaa vumbi, sauti imekauka kwa kushangilia.

Aliweka beringi ya kweli wiki hiyo, na Jumamosi akaondoka kwenda kwao. Sikumwona tena. Nilirudi chuoni, na barua ikanifuata Kampala, mistari mitatu kwa penseli: wamefika salama, mama amekaa kiti cha mbele, asante kwa kitambaa. Mimi niliyepima kila alichosema kwa miaka yote ile, hiyo niliiamini neno kwa neno. Niliona kabisa akilini jinsi alivyopanda kile kilima, gia ya pili, akiongea Kiingereza chake.

Miaka minane ilipita kabla sijafundisha shule moja na mwalimu wa Maragoli, na kumbe alikuwa mtoto wa kilima hichohicho. Nikamwuliza kuhusu gari. Akapiga mapaja yake. Alikuwepo. Mmarekani alikufa chini kabisa, baada tu ya Kisumu, mahali kilima kinapoanza kupanda, na hakuwaka tena. Fundi alilala ndani yake usiku mmoja, asubuhi akaazima ng'ombe sita wa kulimia kwa Wajaluo wa bondeni, akatuma mtu juu kumwita mama. Mama aliletwa chini amebebwa, akawekwa kiti cha mbele, mlango ukafungwa. Walipanda kutoka asubuhi hadi alasiri, Fundi ameshika usukani kwa mikono miwili, anakata kila kona na kutoa mkono nje kuonyesha kulia na kushoto, na kilima kizima kikikimbia pembeni kwa shangwe. Na hakuna hata mmoja, alisema yule mwalimu, aliyeuliza ng'ombe wale ni wa nini.